Onja Mchanga

Elfu sitini na tano, alisema,
nami nikacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole.
Elfu sitini na tano, za kuangalia tu?
Macho ninayo mawili, nikamwambia, na sijayakodi.

Injinia Kadzo Mwaringa hakubishana.
Alikuja na nyundo ndogo, ya kuvunjia kungumanga ungedhani,
na timazi, na tochi,
na daftari lililolowa jasho pembeni.
Mzee Shekuwe, alisema, macho yako yanaangalia nyumba.
Yangu yanaangalia uzito.

Mshomoroni, ghorofa ya pili, saa nne ya asubuhi,
slabu imeshika moto kama pasi ya makaa.
Kiinua mgongo changu chote kimesimama pale:
miaka thelathini na mmoja bandarini nikihesabu makontena ya watu,
sasa nahesabu vyangu. Madirisha kumi na sita.
Vigae nilivyolipia kabla ya paa.
Geti lenye simba wawili wa shaba,
na simba peke yao walikula laki na nusu.
Hakuna aliyeniuliza simba wanabeba nini.

Akagonga nguzo ya kwanza: ko.
Ya pili: ko.
Ya tatu ikajibu pu.
Fundi Nzai akaanza kutafuta kitu mfukoni,
kitu ambacho hakikuwamo.

Mimi nimekulia Kongowea nikitingisha nazi.
Koroma naijua kwa sikio, mbata naijua,
iliyooza naijua kabla muuzaji hajafungua mdomo.
Nguzo nilizinunua bila kutingisha.

Kisha akachota mchanga kwenye lundo nyuma ya tangi,
ule ulioletwa usiku, lori limezima taa,
rahisi kwa elfu nane kila safari.
Akaninyooshea kiganja: Onja.
Mbele ya vibarua? Mbele ya mke wangu?
Onja, mzee.

Chumvi.
Chumvi ileile ya upepo
unaokula bawaba za milango yetu tukiwa tumelala,
nami nimeilipia, nimeikoroga, nimeimwaga ndani ya nguzo.
Haina haraka, alisema injinia.
Itazilamba nondo mwaka huu, na mwakani,
na siku itakapomaliza haitabisha hodi.

Alipochokoa zege, ringi zikaonekana:
zimeachana kama meno ya babu yangu.
Nguzo nne zivunjwe, zisukwe upya.
Laki sita na themanini.
Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Msinitajie ufa na ukuta.
Methali hiyo naijua tangu chuoni.
Haikuniambia kwamba ufa unaweza kukaa ndani,
umepigwa plasta, umepakwa rangi ya maziwa,
na kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuusikia.

Mwanasiti, kimya tangu asubuhi, akauliza swali moja:
Na ungeitwa wakati wa msingi, ungetaka ngapi?
Elfu kumi na tano kila ziara,
akasema injinia, akiliangalia daftari, si mimi.
Nimepiga hesabu maisha yangu yote.
Hiyo niliipiga mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Chumba cha chini, ubavuni mwa nguzo ya tatu,
nilikuwa nimeshamuahidi Mwalimu Dzame na wanawe wawili.
Alikuwa ameshaleta kitanda.
Kilisimama pale, kimeegemezwa ukutani,
na godoro bado liko ndani ya nailoni.
Hicho kitanda ndicho kilichonitoa pesa.
Hesabu ilikuwa bado inabisha.

Simba mmoja nimemuuza.
Mwenzake yuko getini, mdomo wazi,
watu wanauliza, nawaambia ameenda kazini.

Asubuhi watoto wa mwalimu wanaegemea nguzo ya tatu
wakifunga kamba za viatu.
Hawaiangalii.